MPINI WA JEMBE
Namna ya kuufanya nyumbani kwa kipimo cha mwenye kuushika

Wazee walituachia methali isemayo: Mchagua jembe si mkulima. Maana yake yaeleweka: mtu mwenye nia ya kulima hatafuti kisingizio katika chuma. Methali hii ni ya kweli, walakini watu wengi huitumia pasipo mahali pake. Mtu husimama dukani akaligonga jembe kwa ukucha asikie mlio wake, akatazama makali yake, akabishana na mwenye duka juu ya bei. Kisha akifika nyumbani huokota mti wo wote ulio karibu, akauchomeka katika tundu, akaenda shambani. Chuma amekichagua, mti hakuuchagua. Lakini chuma chagusa udongo. Kinachomgusa mkulima mchana kutwa ni mpini.

Somo hili ni juu ya mpini: mti upi wafaa, ukatwe lini, ukaushwe vipi, upimwe kwa nani, na utiwe namna gani katika jembe ili usilegee. Kazi hii haihitaji karakana kubwa. Yatosha kivuli cha mti uani, vyombo vichache, na subira. Subira ndiyo iliyo adimu.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Katika wilaya ya Kishapu mvua huja kwa msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili au karibu yake, na mara nyingi katikati ya msimu hukatika kwa siku nyingi. Pamba, mtama, mahindi na dengu vyote vyategemea mvua hiyo moja. Ni kweli kwamba plau la ng'ombe limeenea sana kwetu, na ekari nyingi hulimwa nalo. Lakini plau halimalizi kazi. Palizi katika mashamba mengi bado ni ya jembe la mkono, na magugu hayangoji mtu atafute mpini.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme nyumba ina watu 4 wanaopalilia, na kila mmoja apalilia mistari 10 kwa siku. Mipini 2 ikivunjika, na siku 3 zikapita katika kutafuta miti, kuichonga mibichi, kuitia na kuivunja tena, basi mistari 60 imebaki katika magugu. Wakati ule pamba ni changa, nayo hushindwa upesi na magugu. Hasara hiyo haionekani siku ile, huonekana wakati wa mavuno, na mwenyewe husema, "Mwaka huu mvua ilikuwa mbaya."

MAJEMBE YA ZAMANI

Yafaa tukumbuke ya kuwa wazee wetu waliheshimu jembe kuliko sisi. Kabla ya majembe ya Ulaya kuenea, wafua chuma walioitwa Warongo, katika pande za Geita na Uzinza, waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa Usukuma na hata Unyamwezi. Jembe lilikuwa mali. Lilitumika katika biashara na katika mahari.

Jembe lile halikuwa na tundu. Lilikuwa na msuka, yaani mkia wa chuma uliochongoka, nao ulipenya katika kichwa kinene cha mpini. Kwa hiyo mwenye kutafuta mpini alitafuta mti wenye kifundo, mahali ambapo tawi lilitoka katika shina. Hapo nyuzi za mti husokotana, wala hazipasuki kwa urahisi. Jembe la dukani la siku hizi lina tundu, na kwa sababu ya tundu hilo watu wamedhani ya kuwa mti wo wote wafaa. Hapo ndipo kosa lilipoanza.

KUCHAGUA MTI

Mti wa mpini wataka mambo matatu: uwe mgumu lakini wenye kunepa kidogo, nyuzi zake ziwe zimenyoka, na usiwe mzito kupita kiasi.

Mpingo ni maarufu kwa ugumu. Kwa Kisukuma huitwa mgembe, na jembe huitwa igembe. Mwenye kusikia atayapima mwenyewe majina hayo mawili. Lakini kiini cheusi cha mpingo ni kizito hata huzama katika maji, na mti wenyewe hukua polepole mno. Basi usiangushe mpingo mzima kwa ajili ya mpini mmoja. Kata tawi lililonyoka, uliache shina.

Mkwaju una mti mgumu usiovunjika upesi. Mduguyu wafaa sana, kwa kuwa huchongeka vizuri na haupasuki ovyo. Mkole hutoa fito zilizonyoka, nazo hunepa bila kukatika. Migunga ni mingi kwetu, lakini sehemu yake nyeupe ya nje hupendwa na dumuzi. Ukiitumia, ondoa gome mara moja, nawe uchague sehemu ya kiini. Mkaratusi hukua upesi na kunyoka, ila hupasuka na kupinda ukikaushwa kwa haraka.

Ukitaka kujua kama nyuzi zimenyoka, usiamini gome. Kata kipande kifupi cha mti ule ule, ukipasue kwa shoka. Kikipasuka sawasawa kama mstari, nyuzi zimenyoka. Kikipasuka kwa kuzunguka kama kamba iliyosokotwa, tafuta mti mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo, ikiwa unapata mpini kutoka katika gogo kubwa, lipasue kwa kabari wala usilipasue kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi. Msumeno hukata nyuzi, na mahali nyuzi zilipokatwa ndipo mpini utakapovunjika.

Tena, miti ya msitu wa hifadhi na ya ngitili ya kijiji au ya jirani ina wenyewe na ina sheria. Omba ruhusa kwanza, ndipo ushike panga.

KUKAUSHA

Hapa ndipo penye somo lote. Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka, urefu wake haupungui ila kidogo sana, lakini unene wake hupungua. Mtu akitia mti mbichi katika tundu la jembe, siku ile utakaza kama uliotiwa na fundi. Baada ya majuma machache ya jua mti umesinyaa, tundu ni lile lile, na jembe huchezacheza. Siku moja huruka likampiga mwenyewe mguuni au mtoto aliye karibu.

Dawa ambayo wengi huijua ni kuloweka jembe katika maji usiku kucha. Mimi nami nimefanya hivyo miaka mingi, nikashangaa kwa nini kila juma nalazimika kuloweka tena, tena kwa muda mrefu zaidi. Sababu yake ni hii. Mti ukinywa maji hutanuka, lakini ndani ya tundu hauna nafasi ya kutanuka. Basi nyuzi zake hujibana na kupondeka. Ukikauka tena, huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kwanza. Kuloweka ni mkopo: leo wapata, kesho walipa na riba.

Basi kata miti ya mipini wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni au Julai, ili iwe tayari kabla ya Novemba. Kata mirefu kuliko unavyohitaji, izidi kwa shubiri moja kila upande, kwa maana ncha hupasuka kwanza. Ambua gome. Paka ncha zote mbili udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, au mafuta mazito, ili maji yasitoke upesi mahali hapo kuliko katikati. Kisha ilaze kivulini juu ya magogo, isiguse ardhi, na upepo upite katikati yake. Usiianike juani, wala usiiweke juu ya moto wa jikoni kwa haraka. Mti ukikauka nje wakati ndani ni mbichi, hupasuka.

Miezi mitatu yatosha kwa miti yenye unene wa mpini. Ukitaka hakika, tumia mizani. Pima mti mmoja kila juma, uandike uzito wake. Mwanzoni utapungua sana, baadaye kidogo. Majuma mawili yakipita pasipo kupungua, umekauka. Asiye na mizani augonge mti kwa kijiwe: uliokauka hutoa mlio wa wazi, ulio mbichi au wenye ufa hutoa mlio mzito uliofifia.

KIPIMO CHA MWENYE KUUSHIKA

Fundi wa nguo hashoni kanzu moja kwa watu wote wa nyumba. Lakini majembe ya nyumba nyingi yana mipini ya urefu mmoja, nao ni ule alioupenda baba. Mama na watoto hufuata. Natoa mfano wa mwanamke mmoja aliyemwambia mume wake jioni, wamekaa barazani, "Baba watoto, jembe hili ni lako. Mimi nalibeba tu." Mume alicheka. Asubuhi alipomtazama shambani aliacha kucheka, kwa kuwa aliona jinsi mkewe alivyoushika mpini mnene kwa vidole visivyofikiana, na jinsi kila pigo lilivyougeuza mkononi mwake.

Mpini mfupi mno nao una hatari yake. Katika jimbo la California huko Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi sana, wenye urefu wa nusu mita au pungufu, ili wasimamizi wamwone mara moja mtu aliyenyanyuka kupumzika. Waliinama mchana kutwa, na wengi waliharibika mgongo. Madaktari walitoa ushahidi, na mwaka 1975 baada ya uamuzi wa mahakama ya juu ya jimbo lile, jembe lile lilihesabiwa kuwa chombo cha hatari, likapigwa marufuku. Ikiwa sheria ya nchi kubwa ilihitajiwa kwa ajili ya kipande cha mti, sisi twaweza kujiwekea sheria yetu uani, kwa msumeno na kipimo.

Pima hivi. Kwa jembe la palizi, mwenye kulitumia asimame wima bila viatu, mpini usimamishwe mbele yake. Ufike kati ya kitovu na kifua. Kwa jembe la kupigia matuta, ambalo lahitaji nguvu ya kutoka juu, wengi hulimudu vizuri likiwa fupi zaidi, lifike kiunoni au chini kidogo. Hizi ni alama za kuanzia, si amri. Anza na mpini mrefu, apalilie nao siku moja, kisha upunguze kwa vidole viwili viwili mpaka aseme basi. Mpini mrefu hupunguzwa, mfupi haurefuki. Tena kwa mpini mrefu wa palizi chagua jembe kuukuu lililolika, maana ni jepesi. Jembe jipya zito katika ncha ya mpini mrefu huchosha mikono.

Unene wafaa uwe sentimita 3 hadi 4 kwa mtu mzima, na pungufu kwa kijana. Aushike: kidole gumba kifike juu ya ukucha wa kidole cha kati. Vidole visipofikiana, mpini ni mnene. Vikichoma kiganja, ni mwembamba. Tena usiuchonge uwe mviringo kamili kama bomba. Uwe na umbo la yai, mrefu kidogo upande wa makali ya jembe. Hivyo mkono hujua pasipo kutazama jembe limeelekea wapi, na mpini haugeuki.

KUCHONGA

Vyombo ni hivi: shoka dogo au tezo, panga kali, kisu, msumeno, tupa, na kipande cha chupa iliyovunjika. Ili mti usitembee, chimbia ardhini vigingi viwili vyenye panda, uulaze juu yake. Pitisha kamba juu ya mti, uifunge chini kama kitanzi, ukanyage kitanzi kwa mguu. Mguu ukikaza, mti umeshikwa. Mguu ukilegea, waweza kuugeuza. Hiyo ndiyo meza ya fundi asiye na meza.

Kwanza punguza kwa tezo au shoka mpaka mti uwe wa pembe nne. Kisha ondoa pembe hizo uwe wa pembe nane. Kisha ondoa nane hizo kwa kisu na tupa. Mtu anayeanza na mviringo moja kwa moja hupotea, akajikuta na mpini uliopinda. Daima chonga kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, usije ukainua nyuzi.

Malizia kwa kukwangua na ukingo wa chupa, ukiwa umefunga upande wa kushikia kwa kitambaa kizito usijikate. Mwisho sugua kwa msasa. Asiye na karatasi ya msasa atumie majani makavu ya mti wenyewe uitwao msasa, ulioipa karatasi hiyo jina lake.

KUTIA MPINI KATIKA JEMBE

Mpini wa jembe la tundu huwa mnene upande wa kichwa na mwembamba upande wa mkono. Ncha nyembamba huingia kwanza katika tundu, jembe likavutwa mpaka likwame kwenye unene, na kichwa cha mpini kikabaki kimetokeza kama vidole vitatu. Hivyo kila pigo hulisukuma jembe kwenye unene, likajikaza lenyewe.

Ili mti uguse tundu pande zote, tumia masizi ya chungu. Paka masizi ndani ya tundu, sukuma jembe mpaka likwame, kisha ulitoe. Mahali penye weusi juu ya mti ndipo panapogusa. Kwangua hapo kidogo, urudie. Weusi ukienea kuzunguka mti wote, kazi imekwisha. Geuza jembe, kichwa cha mpini kielekee chini, ukigonge juu ya gogo mara kadhaa; chuma kitashuka na kukaza.

Kwa jembe la msuka, toboa kichwa cha mpini kwa chuma chenye moto. Tundu liwe dogo kuliko msuka, kisha upanue kidogo kidogo. Tundu lililozidi halina dawa njema.

Usipige msumari kando ya tundu ili kukaza. Msumari hupasua nyuzi, na mpini utavunjika pale pale. Kipande cha mpira wa tairi ni msaada wa siku mbili, tatu, kisiwe ndoa.

KUTUNZA

Usipake rangi wala vanishi mahali pa kushika, kwa maana huteleza kwa jasho na kuleta malengelenge. Paka mafuta ya pamba kwa kitambaa, kidogo sana, uyaache yanywe, urudie siku ya pili na ya tatu. Kitambaa chenyewe ukianike mahali wazi, usikiviringishe na kukitupa pembeni, maana vitambaa vyenye mafuta huweza kupata joto na kuwaka. Jembe likitoka shambani, lifute udongo, ulitundike kivulini. Usiliache juani wala matopeni, mchwa wasije wakajikaribisha. Kila mwaka kabla ya mvua, pitisha mkono juu ya mpini wote. Penye kibanzi, kwangua; penye ufa, badili sasa, usingoje Desemba.

Kanuni hizi hufaa pia kwa mpini wa shoka na wa panga, hata kwa kishikio cha ufito wa ndoana ya yule avuaye kambare katika lambo: mti uliokauka, nyuzi zilizonyoka, kipimo cha mkono.

MIPINI YA KESHO

Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vingi vya Shinyanga vilikatwa ili kufukuza mbung'o. Baadaye mashamba, kuni na malisho yakamaliza vingine, hata nchi ikawa wazi kabisa mahali pengi. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, nao uliwahimiza watu warudie desturi yao ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili majani na miti iote tena. Kufika mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimeenea katika hekta zaidi ya 300,000. Hii ni habari njema, lakini mti unaorudi kwa miaka 20 huweza kuondoka kwa asubuhi moja.

Basi kila nyumba na iwe na miti yake ya mipini mpakani mwa shamba. Panda mjohoro, unaokua upesi na kuchipua tena ukikatwa, kwa mahitaji ya karibu. Panda mkwaju na mduguyu kwa ajili ya wana. Ukikata, kata kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki, nawe uache machipukizi mawili yaliyonyoka. Hayo ndiyo mipini ya mtoto wako.

Kwa kifupi, kumbuka maneno haya matano: chagua, kata kiangazi, kausha kivulini, pima kwa mwenye kuushika, kaza pasipo maji. Wazee walisema kweli, mchagua jembe si mkulima. Lakini hawakusema neno juu ya mchagua mpini. Mwezi wa Juni ukifika, mwite mkeo na watoto wako uani, mmoja mmoja, wasimame wima bila viatu, ukawapime.